Mgonjwa Aliyetengwa Kitengo cha Dharura: Namna ya Kuipanga Zamu Isikuelemee

Ilikuwa masika, saa nne za usiku, na zamuni tulikuwa wawili tu. Akaletwa mama mmoja wa makamo, anaharisha maji matupu, macho yamezama. Tukampeleka chumba cha mwisho, tukamtia dripu, binti yake aliyekuja naye tukamtoa nje, tukafunga mlango. Ikaja ajali ya pikipiki. Akaja mtoto wa degedege, kisha mzee wa presha. Alfajiri nilipovaa na kuingia nikakuta chupa imekwisha zamani, damu imepanda kwenye mpira, na ndoo chini ya kitanda imejaa hadi ukingoni. Nje ya mlango, juu ya stuli, ilikuwepo chupa ya chai na mkate wa kumimina ambao binti aliuleta usiku ule ule. Hakuna aliyeuingiza.

"Mwanangu," akaniambia kwa sauti ndogo, "nilikuita mara mbili. Nikaona niache, mna watu wengi."

Alipona, alhamdulillahi. Lakini kwenye ubao wetu aliandikwa mgonjwa mmoja, sawa na yule aliyekuja kushonwa kidole, na hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Kwetu Unguja na Pemba mgonjwa hakai hospitali peke yake. Ana mtu wa kumlisha, wa kumgeuza, wa kumwaga chombo cha choo, wa kukimbia na kusema "sista, dripu imekwisha". Unapomtenga, unamwondolea na mtu wake, na kazi yote ambayo mtu huyo alikuwa akiifanya bila mshahara inakuangukia wewe. Tena kila kipande cha kazi hiyo sasa kina gauni la kuvaa na gauni la kuvua. Nawaandikia wauguzi wenzangu wa zamu, hasa wale wa hospitali za wilaya ambako usiku mko wawili au watatu, namna ninavyoipanga kazi hii siku hizi.

1. Jua unamtenga kwa njia gani

Mlangoni usianze kwa kuuliza ana maradhi gani, kwa sababu jibu la maabara litakuja baada ya saa au siku. Jiulize maradhi yenyewe yanapita wapi: kwa mikono na kinyesi, kwa matone ya karibu, au kwa hewa.

Anayeharisha maji na kutapika anahitaji glovu zako, aproni au gauni, viatu vya mpira na ndoo. Mwenye homa na shingo ngumu mchukulie ana homa ya uti wa mgongo mpaka itakapothibitika vyengine: barakoa ya kawaida ya hospitali kwako, na wengine wakae mbali naye zaidi ya mita moja. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi pamoja na jasho la usiku na kukonda, au surua, au tetekuwanga, hayo ni ya hewa. Hapo unavaa N95, ile barakoa nzito inayobana uso na kuchuja hewa, na mgonjwa anavaa barakoa ya kawaida. Nimeshaona wakipeana kinyume: mgonjwa kavalishwa N95, muuguzi kavaa ile nyepesi. N95 imetengenezwa kumlinda anayevuta pumzi, na ukimvalisha mtu anayehangaika kupumua unamzidishia tabu.

Mwenye homa kali na kutokwa damu, au homa isiyoeleweka, muulize alikuwa wapi katika siku 21 zilizopita, na kama alizika mtu au kumuuguza mtu. Sisi ni watu wa boti na ndege. Mkoa wa Kagera ulipata mlipuko wa Marburg, homa ya virusi inayotoa damu, mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na kutoka bara kuja hapa ni safari ya siku moja. Ukipata jibu la kukutia wasiwasi, rudi nyuma hatua mbili, abaki mtu mmoja tu wa kumhudumia, usimtoe damu bado, na mpigie simu afisa wa afya wa wilaya papo hapo. Atakayetafuta aliogusana nao mitaani ni yeye pamoja na sheha, kiongozi wa serikali mtaani. Kazi yako wewe ni kuandika vizuri jina la shehia na namba ya simu inayopatikana.

2. Mweke pahala, na upepo uwe upande wako

Vyumba vya kutenga vyenye mashine ya kunyonya hewa tunavisikia tu. Tulichonacho ni madirisha, na tuna upepo, tena upepo wenye ratiba. Kaskazi inavuma Disemba hadi Machi, kusi inashika katikati ya mwaka. Chumba kilichokuwa salama wakati wa kaskazi, hewa ikiingia kwa mlango na kutoka kwa dirisha, wakati wa kusi kinaweza kugeuka na kuisukuma hewa ya mgonjwa moja kwa moja hadi kwenye meza yenu ya sindano.

Kipimo chake ni udi wa kijiti. Kabla mgonjwa hajaingia, na mtungi wa oksijeni ukiwa umefungwa na uko mbali, washa kijiti, simama mlangoni, tazama moshi unaelekea wapi. Moshi ukiingia ndani na kutokea dirishani, kitanda kiweke karibu na dirisha na wewe ufanye kazi upande wa mlango. Moshi ukirudi kwenye ukumbi, mlango huo ufungwe muda wote, au tafuteni chumba chengine. Rudieni kila msimu unapogeuka. Ni kazi ya dakika tatu na chumba kinabaki kinanukia.

Kama chumba hakuna kabisa, mgonjwa wa kikohozi anayeweza kukaa mtoe barazani penye kivuli. Hewa ya nje inamshinda bakteria wa kifua kikuu kuliko pazia lolote. Watu wengi wanaona vibaya kumkalisha mgonjwa nje, kama anayefukuzwa, kwa hiyo mweleze kwanza, mpe kiti chenye mgongo na maji ya kunywa, umwambie utarudi saa ngapi.

Wanaoshukiwa wasichanganywe na waliothibitishwa. Ukimlaza mtu wa kuharisha kwa chakula kibovu pembeni ya mwenye kipindupindu, kesho una wawili.

3. Piga hesabu ya kazi kabla hujasema "tutaweza"

Nachukua kipindupindu kwa sababu tunakijua. Zanzibar inapambana nacho tangu 1978, na waliokuwepo kazini 2015 na 2016 hawahitaji kuhadithiwa. Tena namba zake ziko wazi.

Mtu mzima wa kilo 50 aliyekaukiwa maji vibaya anahitaji mililita 100 za maji ya dripu ya Ringer kwa kila kilo, yaani lita 5. Katika hizo, mililita 30 kwa kilo zinaingia nusu saa ya kwanza: lita moja na nusu. Zilizobaki, 70 kwa kilo, zinaingia saa mbili na nusu zinazofuata: lita tatu na nusu. Sasa zigeuze ziwe chupa za nusu lita. Ni chupa 10 ndani ya saa 3. Tatu za mwanzo zinakwenda kila dakika 10, na kanula (kile kimrija cha dripu kinachoingia mshipani) moja nyembamba haiwezi, kwa hivyo tia mbili nene, mkono huu na huu. Saba zinazofuata, kila moja inakaa kama dakika 21. Juu ya hapo kuna kupima mapigo ya kifundo cha mkono kila dakika 15 mpaka yashike nguvu, kuhesabu pumzi, kutazama kama anakojoa, kupima ndoo, na kuanza kumnywesha ORS, yale maji ya chumvi na sukari, mara tu anapoweza kumeza. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja kiasi kwa kilo ni hicho hicho lakini kinakwenda kwa saa 6: 30 saa ya kwanza, 70 saa tano zinazofuata. Mwenye utapiamlo mkali au maradhi ya moyo ana utaratibu wake, muite daktari kabla hujafungulia dripu.

Tuseme kuvaa, kuvua na kuosha mikono kunakula dakika 5. Ukiingia kwa kila chupa peke yake, umetumia dakika 50 katika saa 3 kwa kuvaa na kuvua tu, bado hujamgusa mgonjwa. Hapo ndipo zamu inapofia, na hapo ndipo watu wanapoanza kuingia na glovu peke yake "mara moja tu, nabadilisha chupa". Mimi nimefanya hivyo. Nisingejificha nyuma ya mwongozo niseme sikufanya.

Nusu saa ya kwanza, basi, hatoki mtu. Muuguzi mmoja anaingia na chupa zote tatu, kanula, tepu, mashine ya presha, saa ya ukutani au ya mkononi inayoonekana, na anakaa mpaka mapigo yarudi. Baada ya hapo anaingia kila baada ya dakika 20 mpaka 40, akiunganisha mambo kama nitakavyoeleza. Kwa dripu mbili unaweza kutundika chupa mpya mbili kwa pamoja ili zikamilike wakati mmoja. Kasi isishuke kwa ajili ya raha yako, ila nyakati za kubadilisha ndizo unazozikusanya.

Fanya hesabu ya aina hii, hata ya juu juu, kwa kila anayetengwa. Mwenye kifua kikuu anayekula na kutembea mwenyewe ana kazi ndogo kuliko unavyoogopa. Mtoto wa surua mwenye nimonia na mama aliyechoka ana kazi kubwa kuliko unavyodhani. Kazi inatokana na mgonjwa alivyo, si jina la maradhi lililobandikwa mlangoni.

4. Mtu wa ndani na mtu wa mlangoni

Kila mgonjwa mahututi aliyetengwa ana watu wawili kwa jina: mmoja wa ndani, mmoja wa mlangoni. Wa mlangoni hana haja ya kuvaa. Anapokea sampuli, anapitisha dawa, anaandika namba zinazosomwa kutoka ndani, na anatazama mwenzake anavyovua. Si lazima awe muuguzi. Mhudumu wa usafi aliyeelekezwa vizuri anaifanya kazi hii kuliko mwanafunzi wa mazoezi anayeogopa.

Mkiwa wawili usiku, sema kwa sauti kabla hujaingia: "Daktari, mimi nusu saa hii nipo ndani. Nje yuko sista mmoja tu." Usiache watu wagundue wenyewe. Daktari ana mikono, anaweza kupima presha na kupanga foleni ya wagonjwa kwa uzito wa hali, nyekundu, manjano na kijani, kwa nusu saa. Wengine wanakasirika wakiambiwa. Wakasirike.

Aliyepewa mgonjwa wa ndani asipewe na mtoto mchanga, mwenye kidonda kibichi au mwenye kinga ndogo katika zamu hiyo hiyo kama kuna namna nyengine. Mjamzito asipelekwe kwa surua wala tetekuwanga, na yeyote asiyewahi kuugua wala kuchanjwa surua abaki nje. Mambo haya yaulizwe mwanzo wa zamu, si mgonjwa akishalala kitandani.

Halafu joto. Ndani ya gauni la plastiki, mwezi wa Februari, chumba kimefungwa, unaanza kusikia kizunguzungu kabla hujamaliza. Kunywa maji kabla, na usipite saa moja ndani ukiwa na vazi zima. Ramadhani jambo hili lina uzito wake: wenye saumu wapewe kuingia kufupi mchana, na kazi za kukaa muda mrefu zisizo za dharura, kama kumwogesha na kubadilisha shuka zote, zisogee baada ya futari. Kupanga hivyo kunawezekana zikiwa zimebaki saa nane. Magharibi imeshaingia, haiwezekani.

5. Kalamu kwanza, gauni baadaye

Kabla hujavaa, andika utakachofanya ndani. Andika kweli, kwenye kipande cha karatasi, kwa sababu kichwa cha zamu ya usiku kinasahau. Yangu huwa hivi: dawa ya saa 2; chupa mbili; presha, joto, pumzi, oksijeni; damu ya maabara; ndoo; shuka; maji ya kunywa; uji; muulize maumivu; mgeuze ubavu; simu ya binti yake. Mtu wa mlangoni anakusanya vyote kwenye sinia, anakusomea, ndio unavaa.

Kinachosahaulika kila mara ni kitu kidogo: tepu, kizibo cha kanula, beseni la pili. Kwa hiyo wekeni ndani ya chumba akiba ndogo ya vitu hivyo, ya zamu moja tu, maana vitakavyobaki baada ya mgonjwa kuondoka vitatupwa. Mashine ya presha, kipimajoto na kipima oksijeni cha kidoleni vibaki humo humo. Ikiwa kitengo kina kimoja tu, kifute kwa spiriti ya asilimia 70 kila kinapotoka. Klorini inakula chuma na raba, nimeona mashine ya presha mpya ikioza mwezi mmoja.

Faili haliingii. Namba zisome kwa sauti kupitia dirishani, wa nje aziandike na azirudie kwako kabla hujaendelea.

6. Kuvaa na kuvua

Hili mmefundishwa, sitalirefusha. Kuvaa: gauni, barakoa, miwani, glovu juu ya mikono ya gauni. Kuvua: glovu na gauni ndani karibu na mlango, kwa kukunja ule upande mchafu uende ndani, safisha mikono, miwani ukiishika kwa nyuma, barakoa mwisho, na ikiwa ni N95 uivue nje, mlango umeshafungwa, safisha mikono tena. Kwa spiriti sekunde 20 hadi 30, kwa sabuni na maji sekunde 40 hadi 60. Aliyechafuka vibaya, au aliyetoka kwa mtu wa kuharisha, atumie sabuni na maji.

Mawili ya kwetu ambayo vitabu vya wenzetu havina. Ushungi: ncha zake zote ziingie ndani ya gauni kabla hujafunga kamba, maana ukiinama juu ya ndoo ndizo zinazotangulia. Kamba za N95 zikae juu ya kitambaa kilichobana kichwa, zisipite juu ya mtandio unaoteleza. Na ndevu: N95 haizibi juu ya ndevu. Kaka mwenye ndevu za sunna hana kosa lolote, ila apangiwe wagonjwa wengine au kazi ya mlangoni, na asilazimishwe kujitia ushujaa.

7. Mrudishe jamaa mmoja

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaofunga mlango na kumaliza. Kwa maradhi mengi tunayotenga, jamaa mmoja anaweza kubaki akifundishwa. Mmoja, mwenye jina kwenye karatasi ya mlangoni, asiyepokezana na shangazi wala jirani. Kwa kipindupindu mfundishe kuosha mikono, asile wala kunywa chochote ndani, asibebe ndoo kwenda chooni kwa wagonjwa wengine. Kwa kifua kikuu mpe N95 kama ipo, akae upande wa upepo unakotokea. Kwa surua awe aliyewahi kuugua au kuchanjwa. Mtoto hatengwi na mama yake, na kunyonya kunaendelea. Inaposhukiwa Marburg au jamii yake, hapo hakuna jamaa ndani kabisa, na kazi yote ni yenu. Semeni hivyo kwa familia waziwazi badala ya kuwazungusha na "ngojeni kidogo".

Tumia dakika kumi kumfundisha. Zitarudi kabla ya usiku wa manane, atakapokuita kwamba chupa imebaki vidole viwili, na wewe uko kwa mtoto wa degedege.

Wanaobaki nje nao wanahitaji mtu. Mchague mmoja wa kuzungumza naye, mpe saa: "Mama, saa tano nitatoka kukupa habari." Usipompa saa, atasimama mlangoni kila dakika kumi, na kila dakika kumi utatumia mbili kumjibu.

8. Choo, maji na sala

Mgonjwa anayeharisha alazwe kwenye kitanda cha tundu chenye ndoo chini, na ndoo nyengine ya kutapikia. Weka ndani ya ndoo klorini kabla haijatumika. Kwa unga wa klorini wa HTH wa asilimia 70, kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, gramu 14 hivi, kwa lita 20 za maji kinapata asilimia 0.05, ya mikono. Vijiko 10 kwa lita 20 hizo hizo vinapata 0.5, ya sakafu, vitanda na viatu. Ya ndoo za choo na matapishi ni asilimia 2: vijiko viwili kwa kila lita. Ukiwa na jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji ndiyo 0.5. Changanya kila siku, andika asilimia kwenye ndoo kwa maandishi makubwa, na usimnyunyizie mtu yeyote.

Kopo la kuchambia ndilo linalosahaulika. Tunaua vijidudu sakafuni, kisha kopo moja linazunguka vyumba vitatu. Kila aliyetengwa awe na kopo lake lenye alama, libaki humo mpaka mwisho. Na asiyeweza kujisafisha mwenyewe, umsafishe wewe kwa maji, si kwa karatasi kavu. Mzee wa Kizanzibari hataomba. Atalala na unajisi wake, akuone umemaliza kazi, na asile.

Muulize kuhusu sala kabla hajakuuliza. Mwonyeshe kibla, mpe chupa ya maji ya kutawadha kama mwili unaruhusu, au umkumbushe kwamba tayamamu ipo. Ukiwa na mpango wa kuingia saa kumi, ingia kabla ya alasiri kupita umkalishe vizuri. Ni dakika moja, na nimeona wagonjwa wakianza kukubali dawa baada ya dakika hiyo.

9. Mtazame bila kuingia

Ukipita dirishani, simama sekunde kumi: kifua kinapanda, chupa iko wapi, rangi ya midomo, amelala vile vile ulivyomwacha? Mwinulie mkono. Utafiti wa hospitali kubwa za Toronto na Boston, uliochapishwa 2003, ulikuta wagonjwa waliotengwa wakipata madhara ya uuguzi kama vidonda vya kulalia na kuanguka mara nane zaidi ya wenzao. Hizo ni hospitali zenye kengele kila kitanda.

Sisi kengele hatuna, basi mpe sahani ya bati na kijiko. Inasikika ukumbi mzima na inaoshwa kwa klorini. Mwambie, kwa maneno haya hasa: "Bibi, gonga. Usiogope kutusumbua. Ukigonga unatusaidia." Wengine watagonga kila saa, na hiyo ni nafuu kuliko yule anayeona aache.

Anayejua kutumia simu aachiwe simu yake ndani ya mfuko wa plastiki, na chaja.

10. Makabidhiano, na swali moja la kila zamu

Fanyeni dirishani, mgonjwa akiwaona. Pamoja na yale ya kawaida, ulizaneni: huyu bado anahitaji kutengwa? Wapo wanaobaki ndani siku tatu za ziada kwa sababu hakuna aliyethubutu kutoa kibao cha kutenga mlangoni. Homa ya uti wa mgongo inatosha saa 24 baada ya kuanza antibiotiki inayofaa. Surua ni siku nne tangu vipele vitoke. Tetekuwanga ni mpaka malengelenge yote yakauke magamba. Kipindupindu ni mpaka kuharisha kukome. Kifua kikuu husubiri majibu ya makohozi, kwa hiyo sampuli itoke zamu hiyo hiyo, isilale kwenye dirisha mpaka Jumatatu.

Mkihamisha, pigeni simu kwanza wodini, mgonjwa avae barakoa ya kawaida, na mtu atangulie kufungua milango ili asisimamishwe ukumbini. Rufaa ya kutoka Pemba kwenda Unguja isifanywe kimya kimya kwa boti ya abiria: anayepokea ajue jina la kinachoshukiwa kabla nanga haijang'olewa.

11. Karatasi ya mlangoni

Bandika karatasi yenye safu nne: saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani, kwa nini. Kalamu ifungwe kwa uzi, la sivyo itaondoka na daktari. Mwisho wa zamu jumlisha dakika. Fanyeni hivyo mwezi mmoja, na mtakapokwenda kwa mkuu wa kitengo kuomba mtu wa tatu usiku, msiende na malalamiko, nendeni na dakika. Shirika la Afya Duniani lina njia yake ya kukadiria idadi ya watumishi kwa wingi wa kazi, na njia hiyo inaanza na kitu hiki hiki: kazi gani, inachukua muda gani, inafanywa mara ngapi.

Mgonjwa akitoka, chumba kioshwe kwa 0.5, klorini ikae dakika 10 kabla ya kufutwa, na kama ilikuwa surua au tetekuwanga, madirisha yabaki wazi saa mbili kabla hajaingia mwengine. Kopo, sahani na kijiko vichemshwe au vilowekwe. Karatasi iliyojaa itoe mlangoni, iandike tarehe, iweke kwenye faili, ubandike nyengine tupu. Na kama kuna chupa ya chai juu ya stuli, ipeleke alipo mwenyewe, angali ya moto.